Kinga ya Caro-Kann: Habari za Mlango Usiovunjika Upesi

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya vita isiyomwaga damu, nayo ni vita ya sataranji. Walio na ubao karibu wauweke mezani, wapange kete zao, wafuate pamoja nasi. Wasio nao wasihuzunike, maana tutajitahidi kueleza kila jambo kwa maneno mepesi, hata mtu ambaye hajagusa kete maishani mwake apate kufahamu.

Kwanza twakumbusha asili ya mchezo wenyewe. Neno sataranji limetujia kwa kinywa cha Waarabu, nao walilipata kwa Waajemi, na Waajemi kwa watu wa Bara Hindi. Huko Bara Hindi maana yake ilikuwa viungo vinne vya jeshi: waendao kwa miguu, wapanda farasi, tembo na magari ya vita. Mchezo ulipofika Ulaya kete kadhaa zilibadili majina. Ile ambayo Waarabu waliiita fili, yaani tembo, Waingereza wameifanya askofu, na yule waziri asimamaye karibu na mfalme amegeuka kuwa malkia. Lakini kazi ya mchezo haikubadilika. Majeshi mawili hukutana katika ubao wa nyumba 64, na mfalme anaswaye ndiye ashindwaye. Katika hesabu ya nyumba, mistari ya kusimama huitwa kwa herufi a mpaka h, na mistari ya kulala kwa tarakimu 1 mpaka 8, kuanzia upande wa kete nyeupe.

Basi, mwenye kete nyeupe ndiye aanzaye. Tangu zamani hatua ipendwayo na wengi ni kumsukuma askari wa mfalme nyumba mbili mbele, asimame katika e4. Hatua hiyo ina ukali, kwani humfungulia njia askofu, humfungulia njia malkia, tena hushika sehemu ya katikati ya uwanja. Swali letu la leo ni hili: mwenye kete nyeusi, aliyekwisha tanguliwa kwa hatua moja, afanye nini?

Katika karne ya kumi na tisa watu wengi wa Ulaya waliona jibu ni moja tu. Mtu akikupiga, nawe umpige. Akikutolea kete bure ili apate nafasi ya kushambulia, ni aibu kuikataa. Mfano wao mkubwa ni mchezo uliochezwa London mwaka wa 1851 baina ya Adolf Anderssen na Lionel Kieseritzky. Anderssen alitoa askofu mmoja, akatoa ngome zake mbili, mwisho akamtoa hata malkia, akamnasa mfalme wa mwenzake kwa kete ndogo tatu zilizosalia. Watu wakaupa mchezo ule jina la Mchezo Usiokufa. Twakubali ya kwamba ni mchezo mzuri ajabu. Lakini uzuri wake ulileta fikira moja isiyo sawa, kwamba ushujaa ni kushambulia tu, na ajilindaye ni mwoga. Wahenga wetu walisema kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Twataka kuonyesha ya kwamba hata katika sataranji mithali hiyo ina ukweli wake, ingawa si ukweli mzima.

Katika siku hizo walikuwako watu wawili ambao majina yao hayakujulikana mno. Mmoja ni Marcus Kann, mtu wa Vienna katika Austria, aliyezaliwa mwaka wa 1820. Wa pili ni Horatio Caro, aliyezaliwa Newcastle katika Uingereza mwaka wa 1862, naye akaishi sehemu kubwa ya maisha yake Berlin. Mmoja angeweza kuwa babu wa mwenzake. Hakuna aliyekuwa bingwa wa dunia, wala hakuna aliyeukaribia ubingwa. Lakini wote wawili walilitazama lile askari la e4 wakajiuliza swali la mjenzi, wala si la mpigaji: Tujenge vipi ukuta usiomfungia nje mwenye nyumba?

Hapa twapaswa kueleza kazi yenyewe. Mwenye kete nyeusi ataka kumsimamisha askari wake katika d5, amkabili yule wa e4. Akimsukuma peke yake mara moja, atalazimika kumtoa malkia mapema ili kurudisha kisasi, naye malkia atafukuzwa huku na huku. Basi yafaa aandae mlinzi kwanza. Kulikuwa na njia ya zamani, iitwayo kinga ya Kifaransa, ya kumweka askari katika e6 na baadaye kumpeleka mwenzake d5. Njia hiyo ni imara, lakini ina dosari. Askofu mweusi atembeaye katika nyumba nyeupe hufungiwa nyuma ya askari wa e6, kama mtu aliyejenga ua akasahau kuacha mlango.

Njia ya Caro na Kann ni kumsogeza askari wa c nyumba moja tu, mpaka c6. Kwa macho ni hatua ndogo, haina makelele. Nyeupe humleta askari wa pili d4, na hapo Nyeusi hujibu d5. Sasa tazameni. Nyeupe akila katika d5, askari wa c6 hula naye, na katikati ya uwanja Nyeusi bado ana mtu wake. Nyeupe akimsukuma askari mpaka e5, Nyeusi humtoa askofu wake mpaka f5 kwanza, ndipo afunge mlango kwa e6. Na Nyeupe akimlinda askari wake kwa farasi, Nyeusi hula katika e4, farasi hula, na askofu hutoka f5 akimtishia yule farasi. Kila mara askofu yule ambaye katika njia ya zamani alikuwa mfungwa, sasa yuko nje yu huru.

Lakini tusiwadanganye wasikilizaji wetu; hakuna kitu cha bure. Askari akaaye c6 amechukua nyumba ambayo farasi angeipenda. Tena Nyeusi huwa na nafasi kidogo ya kutembeza kete zake, na mara nyingi baadaye humsogeza askari yule yule tena mpaka c5, hata safari ya hatua moja ikamgharimu hatua mbili. Achezaye kinga hii amekubali kukaa kwa subira katika nyumba nyembamba, akijua ya kwamba kuta zake hazina ufa.

Sasa twaende Hamburg, katika mkutano wa sataranji wa Ujerumani wa mwaka 1885. Marcus Kann alikuwa mzee. Mbele yake alikaa kijana wa miaka 20, Jacques Mieses wa Leipzig, mtu aliyependa mashambulio. Mieses akacheza e4, mzee akajibu c6. Kijana akasukuma askari wake mpaka e5, mzee akamtoa askofu f5. Mieses akaleta askofu wake d3, maaskofu wakabadilishana, na mzee akafunga mlango kwa e6. Kijana aliendelea kusukuma askari, akamleta wa f mpaka f4, na kwa macho ilionekana kwamba yeye ndiye atawalaye uwanja.

Lakini askofu wa Mieses aliyetembea katika nyumba nyeupe alikuwa amekwisha ondoka, na askari wake wa katikati walikaa katika nyumba nyeusi. Nyumba nyeupe zikabaki bila mchungaji. Mzee akamweka farasi wake katika f5. Malkia wake alikaa b6, akimtazama askari wa d4 na mfalme aliye nyuma yake. Ndipo katika hatua ya 13 mzee huyu mlinzi akafanya jambo ambalo wapenda mashambulio wangelishangilia. Alitoa farasi wake kwa ajili ya askari wa d4, akafungua njia. Na katika hatua ya 17 ngome yake ikashuka mpaka c1, mstari wa kwanza wa adui, na hapo ngome ya Mieses haikuweza tena kuokolewa. Baada ya hatua 24 Mieses alikubali kushindwa. Ajabu iliyopo ni hii: mchezo ulipokwisha, ngome ya Mieses ya upande wa malkia na farasi wake wa upande huo walikuwa bado katika nyumba walizopangwa tangu mwanzo. Ngome mbili za mzee zilikuwa zimesimama ndani ya mstari ule ule, nao hawajaamka. Kijana alikwenda vitani na nusu ya jeshi lake imelala.

Mwaka uliofuata, 1886, uchunguzi juu ya kinga hii ulichapishwa katika gazeti la sataranji la Kijerumani liitwalo Brüderschaft, na tangu hapo majina ya Caro na Kann yakaungana. Marcus Kann alifariki mwaka huo huo. Hakuona jina lake likienea. Horatio Caro aliishi mpaka mwaka wa 1920, akafariki London.

Mwaka wa 1886 una ukumbusho mwingine katika historia ya sataranji. Ndio mwaka ambao Wilhelm Steinitz, mzaliwa wa Prague, alimshinda Johannes Zukertort katika Marekani akawa bingwa wa kwanza wa dunia anayetambuliwa na wote. Katika michezo mitano ya kwanza Steinitz alishinda mmoja akashindwa minne, na wengi walidhani amekwisha. Hakubabaika. Mwisho wa shindano alikuwa ameshinda michezo 10, ameshindwa 5, na 5 imekwisha kwa suluhu. Mafundisho yake yalikuwa kwamba shambulio lisilo na msingi halistahili kufaulu, na likifaulu ni kwa kuwa mlinzi amekosea. Basi twaona ya kwamba wazo la Caro na Kann halikuzaliwa peke yake. Lilizaliwa wakati ambapo mchezo wote ulikuwa ukibadilika, kutoka karamu ya kafara kuelekea elimu ya subira.

Tuvuke miaka, tufike New York mwaka wa 1927. Bingwa wa dunia alikuwa José Raúl Capablanca wa Cuba. Aron Nimzowitsch, mzaliwa wa Riga, mmoja wa wanafikira wakubwa wa mchezo huu, alikuwa na kete nyeupe. Akacheza e4, Capablanca c6. Akasukuma mpaka e5. Askofu akatoka f5. Akaleta askofu wake d3, wakabadilishana, Capablanca akafunga kwa e6. Hatua tano zile zile za Mieses na Kann, baada ya miaka 42! Na jambo lile lile likatokea: nyumba nyeupe za Nimzowitsch zikawa mashamba yasiyo na mwenyewe. Capablanca hakuwa na haraka. Aliweka ngome katika c4, akatazama, akasogea, akaingia e4, malkia wake akapenya mpaka nyuma ya mfalme. Mwishoni Nimzowitsch aliweza kusogeza kete, lakini kila hatua aliyoweza kucheza ilimletea hasara. Wazee wetu wa bao huijua hali hiyo, ambayo mtu hana budi kucheza, na kucheza kwenyewe ndiko kunakomwangamiza.

Hata hivyo kinga hii haikupata heshima yake kamili mpaka ilipobeba mzigo wa ubingwa wenyewe. Mwaka wa 1957 Mikhail Botvinnik wa Muungano wa Kisovieti alinyang’anywa ubingwa wa dunia na Vasily Smyslov. Sheria ya siku hizo ilimpa bingwa aliyeshindwa haki ya kurudiana. Botvinnik alikuwa na miaka 46, mwenzake alimpungukia kwa miaka kumi hivi. Katika mchezo wa kwanza wa marudiano ya 1958, Smyslov alicheza e4, naye Botvinnik akajibu c6, akashinda. Akashinda wa pili kwa kete nyeupe. Katika wa tatu akaleta tena kinga ile ile, akashinda. Smyslov hakuweza kamwe kulifidia pengo hilo, na Botvinnik akarudishiwa ubingwa kwa alama 12½ kwa 10½.

Mwaka wa 1960 alitokea kijana mwingine kutoka Riga, Mikhail Tal, mwenye miaka 23, ambaye watu walisema kwamba mashambulio yake yana uchawi. Alimpokonya Botvinnik ubingwa kwa alama 12½ kwa 8½. Wengi walidhani zama za Anderssen zimerejea, na ya kwamba mzee hana la kufanya mbele ya moto ule. Botvinnik alirudi nyumbani akajifunza michezo ya Tal. Mwaka wa 1961, akikaribia miaka 50, aliketi tena mbele yake, na kwa kete nyeusi akajibu c6.

Hapa twaomba wasikilizaji wasikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo lilipo somo. Katika mchezo wa pili wa marudiano hayo kinga ya Caro-Kann ilivunjwa, na Tal akashinda. Katika mchezo wa nane alishinda tena. Mtu mwingine angeitupa silaha iliyomwangusha mara mbili. Botvinnik hakuitupa. Alirudi nyumbani akatazama ufa ulipo, akauziba, akaja tena na c6 ile ile. Na mchezo wa kumi akaushinda yeye, kwa kete nyeusi. Mwisho alama zilikuwa 13 kwa 8. Haki yatudai tuseme pia ya kwamba Tal hakuwa na afya njema mwaka ule, maana alisumbuliwa na ugonjwa wa figo. Lakini hata mtu mwenye afya huona taabu kuvunja mlango ambao mwenyewe huurekebisha kila jioni.

Baada ya Botvinnik wengine waliifuata njia hiyo. Tigran Petrosian, aliyesifiwa kwa ulinzi wake, aliitumia alipoulinda ubingwa wake mbele ya Boris Spassky mwaka wa 1966. Naye Anatoly Karpov, aliyeshika ubingwa tangu 1975 mpaka 1985, aliifanya kuwa silaha yake kubwa katika miaka yake ya baadaye, hasa kwa njia ya kumleta farasi d7 kwanza ili mwenzake atoke f6 bila kuharibiwa safu ya askari.

Twamaliza kwa habari moja ya huzuni, kwani mwenye kusifu kinga pasipo kutaja hatari yake hajasema kweli. Mwezi wa Mei mwaka wa 1997, katika New York, bingwa wa dunia Garry Kasparov alikuwa akishindana na mashine ya hesabu iitwayo Deep Blue, iliyotengenezwa na kampuni ya IBM. Baada ya michezo mitano walikuwa sawa, alama 2½ kwa 2½. Mchezo wa sita, tarehe 11 Mei, ndio uliokuwa wa kukata shauri. Kasparov alikuwa mtu wa mashambulio, na kwa kawaida alimjibu askari wa mfalme kwa ufunguzi mkali wa Kisisilia. Siku ile alichagua utulivu, akacheza c6.

Akapita katika njia ya Karpov, yenye farasi katika d7. Farasi mweupe akaruka mpaka g5. Katika hatua ya saba ilimpasa Kasparov amtoe askofu wake mpaka d6 kwanza. Yeye akamsukuma askari wa h mpaka h6, ili amfukuze farasi. Kosa dogo, lakini tazameni ubao. Nyumba ya g6 hulindwa na askari wawili, wa f7 na wa h7. Wa h7 ameondoka. Mashine ikamtoa farasi wake kafara katika e6, na askari wa f7 alipokwenda kumla, g6 ikabaki wazi. Askofu mweupe akaingia akampiga shaha. Mfalme wa Kasparov hakupata tena nafasi ya kuingia ngomeni. Baada ya hatua 19 bingwa alisimama, akakubali kushindwa, na kwa mara ya kwanza mashine ikawa imemshinda bingwa wa dunia katika shindano zima.

Je, kinga ilikuwa mbaya? La. Wengi waliofuata taratibu ya njia ile ile walitoka salama, maana utaratibu wa hatua zake unajulikana. Lakini mlango imara haujilindi wenyewe. Aingiaye katika nyumba ya subira akiwa na moyo wa haraka, amechukua ukuta wa mwenzake bila kuchukua kazi ya kuulinda.

Basi, wasikilizaji, mtu akiwaambia ya kwamba kujilinda ni woga, mwelezeni habari za mzee wa Vienna, aliyejenga kwanza, akangoja, kisha akatoa farasi wake kwa wakati uliopaswa. Mwelezeni habari za Botvinnik, aliyeangushwa mara mbili katika mlango ule ule akarudi kuuziba ufa. Na asemaye kwamba kinga yatosha peke yake, mwonyesheni ile nyumba ya g6. Woga na ulinzi hufanana kwa mbali. Hutofautika pale adui anapobisha hodi.

Walio na ubao waujaribu usiku huu: e4, c6, d4, d5. Kisha wamtazame yule askofu wa nyumba nyeupe, kama mlango wake u wazi. Kwaherini.